Kina cha Electricity

Siku mliponikatia keki ya kuniaga pale dukani Kondele, Brenda aliniuliza mbele ya watu wote, mdomo umejaa krimu, "Lakini Mama Jescah, vina ulikuwa unatoa wapi?" Nikamwambia vilikuwa ndani ya chai, ndiyo maana nilikuwa nakunywa vikombe vinne. Mkacheka, nikadhani yameisha. Kumbe wapi! Tangu nirudi nyumbani ananitumia ujumbe kila wiki: Mama andika, Mama usisahau, Mama tumekwama na "archbishop". Haya, naandika. Lakini mteja akija kulalamika, jina langu msilitaje.

Kwa yule atakayeokota karatasi hizi bila kutujua, sisi ni duka la uchapaji. Tunachapa kadi za harusi, kalenda za makanisa, na zaidi ya vyote programu za mazishi. Kwa miaka thelathini na kitu kazi yangu ilikuwa shairi la Kizungu linalokaa ukurasa wa nyuma, chini ya picha ya marehemu amevaa tai. Watu wa huku wanataka mambo mawili kwa mtu wao aliyeondoka: ile tai, na shairi lenye cheo chake ndani. Na cheo kiwe kirefu. Hakuna familia inayokubali mzee wao aitwe "clerk" ikiwa kuna siku moja aliwahi kukaimu kama "Assistant Superintendent". "Clerk" unakipatia kina ukiwa umelala. Huyo mwenzake ndiye aliyenitia mvi.

Vyeo vyangu mimi sitavisimulia, kwa sababu sikuwa navyo. Mshahara nao nauacha, msije mkalia.

Nilifika Kondele kutoka Bungoma nikiwa msichana wa Kidato cha Nne, na alama nzuri ya Kizungu na kiburi kikubwa kuliko hiyo alama. Niliyemkuta ni Mzee Odera, mpangaji herufi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja na vidole vilivyokunywa wino mpaka kwenye mifupa. Hakuniuliza cheti. Alinipa jina la mzee mmoja wa kanisa huko Manyatta aliyekuwa amefariki, akaniambia nimwandikie mishororo miwili, yeye anaenda kunywa uji. Aliporudi nilikuwa nimemaliza na nimekunja mikono. Nilikuwa nimeandika hivi:

"He placed his trust in God,
And now he hangs his coat."

Mzee Odera alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, hata risiti. Akasoma. Akarudia. Akainua miwani.

"Nyar Bungoma," akasema, yaani msichana wa Bungoma, na jina hilo nililibeba mpaka juzi, "hapa kina iko wapi?"

"Si hicho hapo, Mzee."

"Wapi?"

"Kot," nikasema, nikimwonyesha kwa kidole. "Na kot."

Yawa! Yule mzee alicheka mpaka akashika mashine. Akaita watu wa duka la pili waje wanisikilize. Sisi watu wa Bungoma tunajua ulimi wetu: "g" ikipita hapo inatoka "k", "d" inatoka "t", na mwenyewe husikii tofauti. Mimi kwa moyo mweupe kabisa nilikuwa nimemvisha Mungu koti. Na haikuishia hapo, kwa sababu Mzee Odera aliniambia huku anafuta machozi kwamba kwa Kijaluo "koth" ni mvua, kwa hiyo waombolezaji wa Manyatta wangesikia kwamba marehemu aliweka imani yake kwa mvua. Nilitaka ardhi inimeze. Nilienda nikajifanya napanga karatasi.

Alipochoka kucheka alinivutia stuli. "Sikiza," akasema. "Kina haikai kwa karatasi. Inakaa kwa mdomo. Na si mdomo yako. Ni mdomo ya yule atasoma siku ya mazishi. Kwa hivyo mtu akiingia hapa, kabla uulize marehemu alikuwa nani, uliza kwanza: nani atasoma?"

Brenda, hilo ndilo jibu la swali lako, na ungeweza kuacha kusoma hapa. Ile simu yako inatoa vina mia mbili kwa neno moja, na vyote vimezaliwa ng'ambo. Haijui kwamba atakayesoma ni mjomba wa kutoka Seme.

Mjomba wa kutoka Seme hana "sh". Kijaluo hakina sauti hiyo, basi mwenyewe anaweka "s" na maisha yanaendelea. Kitabuni "education" na "lesson" hazijuani kabisa. Mdomoni mwa mjomba ni "edukesen" na "lesen", unaweza kuziozesha. "Mission" inakaa vizuri na "listen". "Fish" inakaa na "this". Mimi na Mzee Odera tulikula miaka kwa hazina hiyo, na hakuna mazishi hata moja niliyosikia mtu akilalamika. Na hiyo "archbishop" iliyowakwamisha, kina chake kwa mdomo wa hapa ni "fish shop", na usithubutu.

Mzee Odera alivigawa vina kwa ukoo. Kuna ndugu wa tumbo moja, kama "nation" na "station". Kuna binamu, kama "accountant" na "mountain": wanafanana pua, lakini ukiwasimamisha pamoja mtu anaona wametoka nyumba mbili. Na kuna watoto wa kambo, kama "love" na "move", wanaofanana kwenye picha tu, mdomoni hata hawasalimiani. Sheria yetu ilikuwa kwamba binamu anaruhusiwa mazishini, kwa sababu watu wana huzuni. Kwenye harusi tulitafuta ndugu wa tumbo moja. Watu wa harusi wameshiba, wana nafasi ya kukagua.

Neno refu usilishike kichwa. Gonga meza kwa kidole huku unalitamka polepole, na pale kidole chenyewe kinapopiga kwa nguvu, hapo ndipo mkia unapoanza. Su-pe-rin-ten-dent: kidole kinapiga kwenye "ten". Sasa tafuta ndugu wa "tendent". Utapata "attendant", utapata "dependent", utapata "defendant". Superintendent mmoja, sitasema wa nini, nilimwandikia hiyo "defendant" kwa kukosa lingine, nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Mjane wake akasoma, akatabasamu peke yake, akasema iache hivyo hivyo. Nikaichapa.

Wenye mkia wa "ist" ni bure. Evangelist, chemist, dentist, physiotherapist, wote wako "sorely missed", na wakiwa wawili wiki moja mnabadilisha picha tu. "Engineer" ana "dear" na "tear". Lakini "headmaster" ana ndugu mmoja tu wa maana, naye ni "disaster", na mjue kila shule ina walimu watatu watakaokuja kukuomba kwa siri uweke hiyo. "Secretary" mdomoni mwa huku inalala pamoja na "cemetery" kwa uzuri wa ajabu, na nilikatazwa kabisa kuitumia baada ya katibu mmoja aliye hai, anayestaafu, kuiona kwenye kadi yake ya kuagwa.

Nyinyi mnaotumia kompyuta hamwezi kuamini, lakini zamani hata herufi zilichagua vina. Tulipanga kwa herufi za risasi, moja moja, ndani ya chombo cha chuma tulichokiita stiki, maneno yakisomeka nyuma mbele. Zile herufi za kulala, italiki, nzuri za mashairi, zilikuwa chache, na "e" ndizo zilizoisha kwanza. Ukifika ubeti wa pili unachakura sanduku, hakuna "e". Basi nilijifunza kupenda maneno yasiyo na "e". Ndiyo sababu marehemu wote wa miaka yangu ya kwanza, hata wale walevi, walikuwa na "salvation" na "compassion". Na ukipindua "n" kwa bahati mbaya inakuwa "u", kwa hiyo kuna familia moja huko Manyatta ambayo mpaka leo ina programu inayomalizika kwa "Ameu". Waliichukua bila kunung'unika. Nafikiri walidhani ni Kilatini.

Mzee Odera alipoacha kazi akarudi kwao, aliniachia stuli na daftari lake la mikia, ambalo tuliliongezea kurasa mpaka likafungwa kwa kamba. Kompyuta zilikuja, lamineta ikaja, herufi za risasi zikauzwa kwa kilo. Mimi nilibaki na meza na kidole.

Sasa nifike kwa kazi ngumu kuliko zote, ambayo wengi wenu hamkuwepo, na ambayo nimeisikia ikisimuliwa vibaya.

Asubuhi moja aliingia mama mzee, kitambaa cheusi kichwani, harufu ya samaki wa kukaangwa imemtangulia mlangoni. Alisema anaitwa Dorsila, anatoka Luanda Kotieno, na mume wake amefariki. Nikamwambia pole, nikamkalisha. Mumewe alikuwa fundi wa umeme. Jina lake la kubatizwa lilikuwa Joram, lakini pwani yote ya kule hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Electricity. Alilipenda neno hilo. Ukimuuliza habari ya asubuhi anakwambia "Electricity iko." Mtoto akilia anaambiwa nyamaza, Electricity anapita.

"Nataka shairi," Mama Dorsila akasema. "Jina yake iwe ndani. Hiyo ya Electricity."

Kama nilivyofundishwa, nikauliza, "Nani atasoma?"

"Mimi."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, Mama?"

"Sikusoma."

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza kwa upole, kwa nini asiseme kwa Kijaluo, maneno yake mwenyewe, watu walie mpaka wachoke?

"Kijaluo nitalia nayo nyumbani," akasema. "Wewe sikiza, nyathina, mtoto yangu. Ndugu yake ni mwalimu. Ametengeneza programu yote kwa Kizungu, na mahali ya bibi ya marehemu ameandika ati yeye atasoma kwa niaba yangu. Mimi nikae kwa kiti ya plastiki nifunike uso. Miaka arobaini na mbili nimeshikia huyo mtu ngazi. Kila nyumba yenye taa pale, Electricity alikuwa juu na mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Sasa nikikaa kimya siku hiyo, watu watasema alikuwa na mpishi. Hakuwa na bibi. Nataka nisimame mahali wao wanasimama, niongee kile wao wanaongea."

Nilikuwa nimezoea machozi ya wateja, lakini yeye hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayengojea chenji. Nikajifanya natafuta daftari.

Mkia wa "electricity" uko kwenye "tri": "ricity". Daftari lilikuwa na ndugu wa tumbo moja wachache, na wote wakorofi: "eccentricity", "domesticity", "authenticity". Ukimpa mama asiyesoma maneno hayo ni kama kumlisha changarawe. Kwa hiyo nikashuka kwa binamu wafupi, wale wanaomalizika kwa "iti" tu na wanaotamkika bila meno: "city", "pity". Nikaandika mishororo minne, mmoja kwa kila kidole, kidole gumba kikabaki cha kushikia:

"They called my man Electricity.
He lit our beach just like a city.
Good night, good night, Electricity,
And may the Lord on us have pity."

Si kazi ya kupewa nishani. Lakini Mama Dorsila aliirudia baada yangu, akikunja kidole kimoja kimoja, na "elektrisiti" na "siti" na "piti" zilikaa mdomoni mwake kama sahani kwenye kabati. Akaniuliza kila mshororo unasema nini. Nikamweleza. Kwenye ule wa mwisho akaguna kidogo, akaniuliza, "Piti ni huruma?" Nikamwambia ndiyo, tunaomba Mungu atuhurumie. Akasema sawa.

Kesho yake akaja Mwalimu. Suti ya kijivu, kalamu nyekundu mfukoni, sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Alikuwa ameshakagua programu yote na kukuta makosa kumi na moja, mawili yakiwa yake, hayo hakuyahesabu. Akafika kwenye shairi.

"Madam Jescah, hii ni nini?"

"Ni shairi la mjane, Mwalimu."

"City? Tangu lini Luanda Kotieno ikawa city? Na 'pity' na 'electricity' hazina urari. Silabi tatu za mwisho lazima zioane. Nimefundisha hii kitu miaka thelathini." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameandika ya kwake:

"Our kinsman, known as Electricity,
A man devoid of eccentricity,
Whose years of calm domesticity
Proclaimed his authenticity."

Nawaambia ukweli, vina vilikuwa vizuri. Ndugu wa tumbo moja wote wanne, wamevaa sare. Nilimwonea wivu kwa dakika nzima.

"Na nani atasoma?" nikauliza.

"Mimi."

"Mama Dorsila ameomba jina lake liandikwe."

Mwalimu akapumua kwa pua. "Huyu mama hajui hata kushika kitabu. Ndugu yangu alimuoa akiwa anauza visamaki vya omena, sawa, hayo ni yake. Lakini siku hiyo kuna watu kutoka Nairobi. Sitaki watu wacheke kaburi ya ndugu yangu." Pale sauti yake ilitetemeka kidogo, na nikaona kwamba naye pia alikuwa amefiwa. Halafu akajikaza. "Haya, andika jina yake. Akiweza kusoma hii yangu, asome. Lakini nitakuwa karibu. Akikosea neno moja, moja tu, nasimama nachukua maikrofoni namaliza mwenyewe."

Akatia sahihi kwenye prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa. Dukani kwetu mnajua sheria: aliyetia sahihi ndiye mwenye maneno. Nikachapa ya Mwalimu, programu mia tatu, karatasi ya kung'aa, picha yenye tai.

Mama Dorsila alirudi siku hiyo hiyo jioni kufanya mazoezi. Nikamweleza yote, nikiwa na aibu. Nikamjaribisha na mshororo wa pili wa Mwalimu.

"A man de-foid of ek-sen... ek-sen-ti..." Akaacha. "Hii ni jina ya dawa?"

"Ni tabia ya ajabu ajabu, Mama. Inasema Mzee hakuwa na tabia ya ajabu."

"Uongo! Huyo mtu alikuwa anaongea na ngazi!"

Tukacheka mpaka mwenye duka akachungulia. Kisha nikamwambia kwamba mambo ni mabaya: karatasi itasema hivi, yeye amekariri vile, na shemeji yake atakuwa amekaa pale akingojea neno moja likosewe.

Akafikiri. "Mimi najua kusoma?"

"Hapana, Mama."

"Basi karatasi inanihusu nini?"

Nikamvutia stuli. Wala sikumdanganya mtu: Mwalimu alitia sahihi kwa kilichochapwa, hakuniuliza kilichokaririwa. Tukarudia vidole vinne mpaka wakati wa kufunga, na kesho yake tena. Usiku wa kuamkia mazishi nilijilaumu vya kutosha. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye shimo hilo. Angesema kwa Kijaluo hakuna ambaye angemkosoa, na sasa alikuwa anaenda kuaibishwa mbele ya watu mia tatu na vina vyangu vya binamu.

Jumamosi nilienda mwenyewe na maboksi ya programu. Hema zilikuwa zimejaa, kwaya imevaa kijani, ziwa linaonekana nyuma ya migomba. Jeneza lilikuwa mbele, na juu ya jeneza mtu alikuwa ameweka koleo na tester ya marehemu. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na sufuria, mahali ambapo mtu anaweza kutoroka.

Mshereheshaji akaita, "Sasa ni shairi ya mjane." Mama Dorsila akainuka. Akapewa maikrofoni na programu. Programu akaishika kama sinia, akainua mkono mwingine, maikrofoni imebanwa kwa kidole gumba na vidole vinne viko wima, na Mwalimu pale mstari wa mbele akatoa kalamu nyekundu. Naapa alitoa kalamu.

"They called my man," akaanza, polepole, kila neno na nafasi yake, "Elektrisiti."

Karatasi zikapepea. Watu mia tatu walikuwa wanatafuta mahali anaposoma. "Hii yangu imekosewa!" mama mmoja karibu nami akamwambia jirani yake. "Ona, yangu inasema kinsman!" Mwalimu alikuwa ameshasimama.

Mama Dorsila hakumwona, au alimwona. Akakunja kidole cha kwanza. "He lit our beach, just like a..."

Akasahau. Niliona kabisa midomo yake inatafuta. Mwalimu akapiga hatua moja mbele, mkono umeshanyooka kuelekea maikrofoni. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua, nataka kupiga kelele hiyo "city" kutoka kule kwenye sufuria.

"Siti!" akasema mzee mmoja wa uvuvi upande wa kushoto, kama mtu aliyeulizwa.

"Siti!" wakasema vijana wa boda waliokaa juu ya pikipiki zao.

Hakuna aliyewafundisha. "Elektrisiti" ilikuwa bado inalia masikioni mwao, ikawavuta tu. Mama Dorsila akawatazama, akacheka, akawaelekezea programu kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Siti," akathibitisha. Watu wakapiga makofi. Programu zikawekwa chini, kwa sababu hakuna aliyezihitaji tena. Mwalimu akabaki katikati ya nyasi, mkono bado umenyooka.

Kidole cha tatu. Hapo aliwageuzia watu mgongo. Akatembea mpaka kwenye jeneza, akaweka mkono karibu na koleo.

"Good night," akasema. "Good night, Elektrisiti."

Nikajikuta naunda midomo kwa ajili ya mshororo wa mwisho, huku nyuma peke yangu, kama mzazi kwenye tamasha la shule. And may the Lord. Mama Dorsila alitazama kidole chake cha mwisho kwa muda mrefu. Kisha akakiacha wima, wala hakukikunja, akainama kwenye mbao na kusema neno moja, si la kwangu wala la Mwalimu, la kwao.

"Oriti."

Ndiyo kwaheri ya Wajaluo. Wanaambiana kila siku kwenye milango, na mimi nimeisikia miaka yote hiyo ya Kondele bila kuisikia. Elektrisiti, oriti. Hakuna kina kingine cha neno lile. Nilikuwa nimemwombea huruma, na yeye hakuwa anataka huruma ya mtu.

Hema zote zikajibu, "Oriti!" Wazee, kwaya, watu wa Nairobi wenye miwani myeusi. Nililia bila kuficha, na yule mama wa programu iliyokosewa akanipa leso yake.

Mshereheshaji alipomwona Mwalimu bado amesimama pale, akadhani anangojea zamu yake, akampelekea maikrofoni. Mwalimu akaipokea. Akaitazama karatasi yake yenye vina vinne vizuri kuliko vyangu, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni pamoja na kalamu. 

"Shemeji amemaliza," akasema. "Tukamzike."